Malaria ukanda wa Bagamoyo: Mvua ikikatika, hatari haijakatika

Masika yanapoelekea ukingoni mwezi Mei, wakazi wengi wa ukanda wa Pwani huhesabu kwamba msimu wa mbu nao umekwisha. Madimbwi yanakauka, sauti ya mbu usiku inapungua, na chandarua kinachoongeza joto chumbani hukunjwa na kuwekwa juu ya kabati. Hesabu hiyo inaeleweka, lakini ndiyo inayowaponza watoto. Katika wilaya ya Bagamoyo, kama ilivyo katika sehemu kubwa ya Tanzania Bara, wagonjwa wa malaria huongezeka zaidi kuelekea mwisho wa mvua na katika wiki zinazofuata, wakati ambapo mbu wanaoonekana kwa macho ni wachache kuliko mwezi wa Aprili.

Sababu yake si fumbo. Mbu jike wa aina ya Anofelesi hutaga mayai kwenye maji yaliyotuama, na yai huchukua takribani wiki moja hadi mbili kuwa mbu kamili. Mbu huyo anapozaliwa hana vimelea vya malaria. Huvipata anapomuuma mtu ambaye tayari anavyo katika damu. Vimelea navyo vinahitaji siku kumi hivi au zaidi ndani ya mwili wa mbu kabla ya kufika kwenye tezi za mate na kuwa tayari kuambukiza. Mtu akishaumwa na mbu huyo, homa huanza kati ya wiki moja na mbili baadaye, na wakati mwingine zaidi. Jumlisha vipindi hivyo, utaona kwamba mvua ya Aprili huzaa homa ya mwishoni mwa Mei, ya Juni na hata ya Julai. Aliyekunja chandarua mara mvua ilipokatika amekikunja katika majuma yale ambayo mbu wachache waliobaki ni wakongwe, na mbu mkongwe ndiye hatari zaidi, kwa kuwa ameishi muda wa kutosha kubeba vimelea hadi mwisho wa safari yake.

Jambo hili lilikwisha kubainishwa hapa hapa Bagamoyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, watafiti wa Muhimbili pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani waliendesha katika vijiji vya wilaya hii mradi wa vyandarua vilivyotiwa dawa, miongoni mwa miradi ya mwanzo ya aina hiyo nchini. Hawakuhesabu mbu na vimelea peke yake; walikaa na wananchi wakauliza wanaitaje homa, wanadhani inatoka wapi, na ni wakati gani wanaona haja ya kulala ndani ya chandarua. Majibu yalionyesha kwamba watu waliihusisha malaria na kipindi cha mvua na wingi wa mbu, na kwamba matumizi ya chandarua yalifuata kero ya mbu, wala si hatari ya ugonjwa. Mbu wakipungua, chandarua huwekwa kando. Zaidi ya miaka thelathini imepita tangu utafiti huo ufanyike, na wilaya imebadilika sana, lakini tabia hiyo haijafutika.

Mahali pa kuyatazama mabadiliko hayo ni kata ya Mapinga. Msafiri anayetoka Dar es Salaam kwa barabara ya Bagamoyo huipita Bunju, huvuka Mto Mpiji ulio mpaka wa mkoa wa Dar es Salaam na mkoa wa Pwani, na mara huwa ameingia Mapinga. Eneo ambalo zamani lilikuwa la mashamba ya minazi, mikorosho na mihogo leo ni la viwanja vilivyopimwa, nyumba zinazojengwa kidogo kidogo kadiri fedha inavyopatikana, na wakazi ambao asubuhi huelekea mjini kazini na kurudi usiku. Si kijiji tena, na bado haujawa mji.

Hali hiyo ya kuwa katikati ina uzito wake katika malaria. Kwa kawaida, kadiri mji unavyojengeka, malaria hupungua: mifereji huchimbwa, maji machafu huongezeka, na Anofelesi, ambaye hupendelea maji safi yenye kupigwa na jua, hukosa pa kutagia. Lakini pembezoni mwa mji mambo huenda kinyume kwa muda. Msingi wa nyumba uliochimbwa ukaachwa unajaa maji ya mvua. Shimo lililotolewa mchanga wa kufyatulia matofali linageuka kuwa bwawa dogo. Nyayo za ng'ombe na alama za magurudumu ya malori kwenye barabara za udongo hushika maji kwa wiki nzima. Bustani za mchicha na matembele kandokando ya mabonde zina visima vifupi vya kumwagilia. Yote hayo ni mazalia mazuri kwa Anofelesi, na yako hatua chache kutoka kwenye nyumba zenye madirisha yasiyo na wavu na mapaa ambayo bado hayajapigwa dari. Upande wa pwani kuna maji ya chumvichumvi kwenye mikoko na mashamba ya chumvi, na huko nako kuna ndugu mmoja wa mbu hao, anayejulikana kwa wanasayansi kwa jina la Anopheles merus, aliyezoea kuzaliana katika maji ya aina hiyo.

Yapo makundi ambayo kampeni za chandarua huwapita kirahisi. Mlinzi anayelala kwenye jengo lisilo na mlango ili kulinda saruji na nondo za tajiri wake hana pa kutundika chandarua. Wavuvi wa dagaa wako baharini au ufukoni usiku kucha. Mama lishe na mwendesha bodaboda wako nje hadi saa nne au saa tano za usiku, na baadhi ya mbu wa siku hizi huanza kuuma mapema jioni na nje ya nyumba, tofauti na ile picha tuliyoizoea ya mbu anayesubiri watu walale. Kwa watu hawa, nguo ndefu na dawa ya kujipaka ya kufukuza mbu zina maana kubwa kuliko bango linalowahimiza kulala ndani ya chandarua.

Inafaa kukumbuka kwamba ujuzi wa uhusiano wa mbu na homa haukuletwa wote na meli. Daktari Mjerumani Robert Koch, aliyefanya utafiti wa malaria Dar es Salaam mwaka 1897 na 1898, aliandika kwamba wenyeji wa milima ya Usambara waliuita ugonjwa walioupata wakiteremka nyikani kwa jina lile lile la mdudu aliyewauma huko: mbu. Mwaka huo huo wa 1897, huko India, Ronald Ross alionyesha kwa darubini vimelea vya malaria ndani ya mbu. Sayansi ilithibitisha jambo ambalo watu wa Usambara walikuwa wamelifikia kwa kutazama tu. Bagamoyo yenyewe ina ushahidi wake wa zama hizo: katika makaburi ya misheni iliyoanzishwa mwaka 1868, wengi waliozikwa ni vijana ambao homa za pwani hazikuwapa muda.

Nchi imetoka mbali. Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya malaria wa mwaka 2007 na 2008 ulikuta vimelea katika damu ya asilimia 18 ya watoto wenye umri chini ya miaka mitano waliopimwa. Kiwango hicho kilishuka hadi asilimia 7.5 mwaka 2017. Mwaka 2022 kilikuwa asilimia 8.1. Wasomaji wanaofuatilia matangazo ya Wizara ya Afya wameziona takwimu hizi mara nyingi, na mara nyingi sentensi huishia kwenye mafanikio ya kutoka 18 hadi 8. Ni mafanikio ya kweli. Lakini mtu anayezisoma kwa makini ataona pia kwamba kati ya 2017 na 2022 kiwango hakikushuka, ilhali Mpango Mkakati wa Taifa wa 2021 hadi 2025 ulikusudia kukifikisha chini ya asilimia 3.5. Wastani wa taifa pia unaficha tofauti kubwa: katika utafiti huo wa 2022 mkoa wa Tabora ulikuwa na zaidi ya asilimia 20, huku mikoa ya nyanda za juu za kaskazini kama Kilimanjaro na Arusha ikiwa chini ya asilimia moja, na Zanzibar vilevile. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2024, lilikadiria vifo 597,000 vya malaria duniani katika mwaka 2023, asilimia 95 kati yake barani Afrika, na Tanzania imo miongoni mwa nchi nne zinazobeba zaidi ya nusu ya vifo hivyo.

Vifo hivyo vinatokea kwa namna gani? Mara nyingi ni kwa kuchelewa. Malaria inayotawala hapa nchini husababishwa na kimelea kiitwacho plasmodiamu falsiparamu, kilicho kikali kuliko ndugu zake. Huanza kama homa nyingine yoyote: mwili kuchemka, baridi na kutetemeka, kichwa, maumivu ya viungo, uchovu, kukosa hamu ya kula, kutapika, na kwa watoto wakati mwingine kuharisha. Kwa mtu mzima aliyeishi Pwani maisha yake yote, dalili zaweza kuishia hapo, kwa kuwa mwili wake umejijengea kinga kiasi. Kwa mtoto mdogo, mjamzito, au mtu aliyehamia kutoka mkoa wenye baridi na malaria kidogo, siku moja au mbili zinatosha kwa ugonjwa kugeuka kuwa malaria kali. Hili la mwisho linaihusu Mapinga moja kwa moja, maana wahamiaji wake wanatoka kila pembe ya nchi, na aliyekulia Makete au Rombo hana kinga ya aliyezaliwa Kerege.

Dalili za malaria kali hazihitaji kipimo kutambuliwa: mtoto kushindwa kunyonya au kunywa, kutapika kila anachopewa, kulegea na kupoteza fahamu, kupumua kwa shida, viganja na ndani ya kope kuwa vyeupe kwa kupungukiwa damu, macho kuwa ya njano, mkojo kuwa mweusi, na degedege. Akionekana na hata moja kati ya hizo, mtoto ni wa kukimbizwa hospitali saa ile ile, iwe usiku au mchana.

Neno degedege lastahili kuzungumzwa peke yake. Watafiti wale wa miaka ya 1990 waligundua kwamba katika vijiji vya Bagamoyo homa ya malaria na degedege vilihesabiwa kuwa magonjwa mawili yasiyohusiana. La kwanza lilikuwa la zahanati. La pili lilihusishwa na ndege au shetani anayempitia mtoto, na tiba yake ilitafutwa kwa mganga, kwa mafusho na kuoshwa dawa. Uliokuwa mzito zaidi ni uvumi kwamba mtoto mwenye degedege akichomwa sindano atakufa. Uvumi huo ulijengwa juu ya jambo ambalo watu waliliona kwa macho: mtoto alifikishwa hospitali akiwa amechelewa sana, akachomwa sindano, akafa. Sindano ikabeba lawama ya siku mbili zilizopotea. Leo imani hiyo imefifia sana, lakini bado wapo wazazi wanaopitia kwanza kwingine, na wengine husukumwa na bibi au jirani mwenye nia njema. Degedege laweza kuletwa na homa kali ya sababu mbalimbali, ikiwamo malaria iliyofika kwenye ubongo au homa ya uti wa mgongo. Hakuna hata moja ya kusubiriwa nyumbani. Mgonjwa wa malaria kali hutibiwa kwa sindano ya artesuneti, dawa ambayo katika majaribio makubwa barani Asia na Afrika iliokoa watu wengi kuliko kwinini iliyotumika kabla yake.

Tukirudi kwenye homa ya kawaida, kosa la siku hizi limekaa upande mwingine. Zamani watu walichelewa kuiita homa malaria. Sasa wengi huharakisha kuiita hivyo bila kipimo. Utafiti uliofanywa kwa watoto 1,005 waliofika vituoni na homa Dar es Salaam na Ifakara, uliochapishwa mwaka 2014, ulikuta malaria katika takribani mtoto mmoja tu kati ya kumi. Waliobaki wengi walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa yanayosababishwa na virusi, na wengine nimonia, UTI au homa ya matumbo. Ongeza hapo dengue, iliyolipuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019. Dengue huambukizwa na mbu wa aina nyingine, Aedesi, anayeuma mchana na kuzaliana kwenye makopo, matairi na ndoo za maji karibu na nyumba. Anayemeza dawa mseto ya malaria kwa homa ya dengue au nimonia hajitibu. Anaipa homa nyingine nafasi ya kukomaa.

Ndiyo maana maelekezo ya Wizara ya Afya ni kupima kabla ya kutibu. Kipimo cha haraka, MRDT, huhitaji tone la damu la kidoleni na majibu hupatikana kwa muda usiozidi dakika ishirini, hata kwenye zahanati isiyo na umeme. Serikali imekwisha kutangaza kwamba vipimo na dawa za malaria katika vituo vya umma hutolewa bila malipo, na mwananchi anayetozwa ana haki ya kuuliza na kutoa taarifa kwa mganga mfawidhi au kwa ofisi ya mganga mkuu wa wilaya. Kipimo kikisema hakuna malaria, jibu hilo ni la kuaminiwa. Wapo wagonjwa wanaotoka zahanati na jibu hasi na kupitia moja kwa moja duka la dawa kununua ALu kwa sababu wanaijua malaria yao. Na wapo, yafaa kusemwa, watoa huduma wanaowaandikia dawa hiyo hiyo licha ya kipimo walichokifanya wenyewe.

Kipimo kikionyesha malaria isiyo kali, tiba ya kwanza ni dawa mseto ya ALu, iliyoanza kutumika nchini mwishoni mwa mwaka 2006. Ni dozi sita kwa siku tatu: ya kwanza mara tu baada ya kupimwa, ya pili baada ya saa nane, na zinazobaki asubuhi na jioni. Idadi ya vidonge hufuata uzito wa mgonjwa. Dawa hii hufyonzwa vizuri zaidi ikimezwa pamoja na chakula chenye mafuta, hata kama ni maziwa au uji uliotiwa karanga. Mtoto akitapika ndani ya nusu saa, dozi irudiwe. Homa hupungua siku ya pili kwa wagonjwa wengi, na hapo ndipo vidonge vilivyobaki huwekwa akiba kwa ajili ya mgonjwa mwingine. Akiba hiyo ina gharama kubwa kuliko inavyoonekana.

Historia ya dawa za malaria hapa nchini yapasa kumfanya kila mmoja awe mwangalifu. Klorokwini ilitumika kwa miongo mingi hadi vimelea vikaizoea; mwaka 2001 ikaondolewa na SP ikashika nafasi yake. SP haikudumu hata miaka sita kama tiba ya kwanza. Sasa tunaitegemea ALu, na tayari vimelea vyenye mabadiliko yanayovifanya vichelewe kufa kwa artemisinini vimethibitishwa mkoani Kagera, kama ilivyotokea kabla katika nchi za jirani za Rwanda na Uganda. ALu bado inatibu, na hakuna sababu ya mwananchi kuikwepa. Lakini nyuma yake hakuna foleni ndefu ya dawa mpya zinazosubiri.

SP yenyewe haikutupwa. Hutolewa kwa wajawazito kliniki, kuanzia muhula wa pili wa ujauzito, kila mwezi na kwa uchache mara tatu, kama kinga ya mama na mtoto aliye tumboni. Malaria hujificha kwenye kondo la nyuma, ambapo mama aweza asihisi homa yoyote ilhali mtoto anakosa chakula na kuzaliwa na uzito pungufu. Anayeanza kliniki mwezi wa sita wa mimba hana tena muda wa kupata dozi zote.

Kuhusu chandarua, swali la wananchi wengi ni moja: mbona mbu wanatua juu yake na hawafi? Swali ni halali. Mbu wa maeneo mengi nchini wamejenga usugu dhidi ya kundi la viuadudu liitwalo pairethroidi, lililotumika kwenye vyandarua vyote kwa miaka mingi. Jibu limetafutwa na Watanzania wenyewe. Majaribio ya Muleba mkoani Kagera yalionyesha kwamba chandarua kilichoongezewa kemikali ya kuvunja usugu hukinga vizuri zaidi, na yale ya Misungwi mkoani Mwanza, yaliyochapishwa mwaka 2022, yalionyesha kwamba chandarua chenye viuadudu viwili, kimojawapo klorofenapiri, kilipunguza malaria kwa watoto kwa zaidi ya theluthi moja katika miaka miwili kikilinganishwa na cha kawaida. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilikipendekeza kitumike. Hata cha zamani kisichoua mbu bado ni ukuta kati ya mbu na mtoto, mradi hakijatoboka na kimechomekwa chini ya godoro. Kinachotumika kufugia vifaranga au kuzungushia bustani ya mchicha si ukuta wa mtu yeyote.

Chandarua peke yake hakitaitoa Pwani ilipo. Mkoa huu una bahati ambayo mikoa mingine haina: kiwanda cha viuadudu vya kibaiolojia kilichopo Kibaha, kilichojengwa na Shirika la Maendeleo la Taifa kwa teknolojia ya Cuba na kuzinduliwa mwaka 2015, kikiwa na uwezo wa kuzalisha lita milioni 6 kwa mwaka. Bidhaa yake ni bakteria wanaoliwa na viluwiluwi wa mbu na kuwaua, bila kudhuru watu, samaki wala mifugo. Mwezi Juni 2017 Rais wa wakati huo, hayati John Magufuli, alikitembelea na kuzielekeza halmashauri zinunue dawa hiyo. Maelekezo yalikuwa wazi. Utekelezaji umekuwa wa kusuasua katika halmashauri nyingi, na upuliziaji uliofanyika mara nyingi umekuwa wa siku moja ya uzinduzi.

Upuliziaji wa siku moja ni fedha iliyomwagwa majini. Bakteria hao hufanya kazi kwa wiki moja au mbili tu, kisha mayai mapya huanguliwa kana kwamba hapakutokea kitu. Jiji la Dar es Salaam lilijifunza hili katika mpango wake wa kudhibiti malaria mjini ulioanza mwaka 2004: wakazi waliolipwa posho walipita mtaa kwa mtaa kila wiki wakiandika kila dimbwi, kisha kuanzia mwaka 2006 dawa ikawekwa kwa ratiba hiyo hiyo katika kata tatu za mwanzo, na maambukizi kwa watoto yakapungua. Kilicholeta matokeo kilikuwa daftari la mazalia na mtu wa kulirudia kila Jumatatu.

Wataalamu huona njia hii inafaa pale mazalia yanapokuwa machache, ya kudumu na rahisi kuyapata. Mapinga ya mwezi Aprili haina sifa hizo. Kila unyayo ni dimbwi. Mapinga ya Agosti na Septemba inazo. Wakati huo maji yamebaki kwenye mashimo ya mchanga, visima vya bustani, mabwawa ya kandokando ya Mpiji na misingi michache ya nyumba. Halmashauri inayoanza kuweka dawa kabla ya vuli huwapiga mbu wakiwa wachache, badala ya kuwafukuza wakiwa wengi. Na mashimo mengine hayahitaji dawa kabisa bali sepeto, au sheria ndogo inayomtaka mchimbaji wa mchanga afukie alipochimba. Hapa pia ni mahali pa kusema kwamba kufyeka nyasi, shughuli inayopendwa sana siku za usafi, kunapendezesha uwanja na kufukuza nyoka, lakini mbu wa malaria hazaliwi kwenye nyasi. Nguvu hiyo ingeelekezwa kwenye maji.

Limebaki suala la chanjo, ambalo Bagamoyo ina haki ya pekee kuliulizia. Tawi la Taasisi ya Afya Ifakara lililopo mjini Bagamoyo lilikuwa, pamoja na Korogwe, kituo cha Tanzania katika majaribio ya mwisho ya chanjo ya RTS,S yaliyohusisha watoto zaidi ya 15,000 katika nchi saba za Afrika. Baadaye likawa moja ya vituo vya majaribio ya chanjo ya R21, na ndipo pia watoto wa Afrika walipopewa kwa mara ya kwanza chanjo ya majaribio ya RH5, inayolenga vimelea vikiwa tayari ndani ya damu. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza RTS,S Oktoba 2021 na R21 Oktoba 2023. Katika majaribio, R21 ilizuia takribani theluthi mbili ya matukio ya malaria katika mwaka wa kwanza kwenye maeneo ambayo ugonjwa upo mwaka mzima, kama Bagamoyo, na dozi ya nne huhitajika ili kinga isififie haraka. Kenya ilianza kutumia RTS,S mwaka 2019 katika kaunti za Ziwa Victoria, na Uganda ikaanza kutoa R21 Aprili 2025. Kote huko chanjo imepelekwa kwanza kwenye maeneo yenye maambukizi makubwa, na haijamwondolea mtu haja ya chandarua. Kwa kigezo hicho, Tabora na Kagera zingetangulia mbele ya Mapinga, ingawa ni wazazi wa Bagamoyo waliowatoa watoto wao wachunguzwe damu ili dunia ipate jibu.

Yote haya yanahitaji fedha, na fedha ndiyo sehemu iliyobadilika ghafla. Kwa takribani miaka ishirini, vyandarua, vipimo na dawa nyingi za malaria nchini vimegharamiwa na Mfuko wa Dunia na mpango wa malaria wa Rais wa Marekani, ulioanza kazi Tanzania mwaka 2006. Mwanzoni mwa mwaka 2025 Serikali ya Marekani ilisitisha sehemu kubwa ya misaada yake ya nje, na nchi zote zilizoitegemea zilianza kupanga upya. Kwa Tanzania maana yake ni kwamba bajeti ya ndani, ikiwamo mapato ya halmashauri, itabeba mzigo mkubwa zaidi kuliko zamani. Diwani wa kata na mwenyekiti wa kijiji, ambao kwa muda mrefu walipokea vyandarua kama wageni waalikwa, sasa wana swali la kuuliza kwenye kikao cha bajeti: lita ngapi za dawa ya viluwiluwi, kwa wiki ngapi, na nani atashika daftari.

Kwa hilo la daftari, njia ipo. Tarehe 31 Januari 2024 Serikali ilizindua mpango jumuishi wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, unaokusudia kuwa na wahudumu 137,294 nchi nzima katika miaka mitano, wawili kwa kila mtaa au kitongoji wanakopangiwa. Kazi yao imekusudiwa kuanzia mlangoni: kumtambua mtoto mwenye homa, kumhimiza mama aende kliniki mapema, kuhesabu nyumba zisizo na chandarua. Muhudumu anayepita nyumba kwa nyumba huko Kiharaka au Kiembeni anaweza pia kujua ni msingi gani wa nyumba umejaa maji na mwenye kiwanja anaishi wapi, taarifa ambayo afisa afya mmoja wa kata hawezi kuipata akiwa peke yake ofisini. Mvua za vuli huanza Oktoba. Orodha ya mazalia ya Mapinga, kama itaandikwa, inapaswa kuwa imekamilika Septemba.